Mlango wa Mahakama Hufungwa, Haki Haifi



Ndugu zetu Waislamu, kule Simbo, kama kwingineko mkoani Kigoma, shamba la michikichi ni urithi mkubwa wa familia. Mzazi akifariki, mara nyingi kaka mkubwa hubaki shambani, akavuna na kukamua mawese. Dada zake hunyamaza, wakiona aibu kumshitaki ndugu wa damu. Miaka hupita.

Na wajue kuwa miaka hiyo inahesabiwa. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971, inatoa miaka 12 kufungua shauri la kudai ardhi, na miaka 6 kwa madai ya mkataba. Ikiwa marehemu alikuwa akiishika ardhi hiyo mpaka kufa kwake, hesabu huanza siku ya kifo, si siku ya ugomvi. Muda ukipita, mahakama hulitupa shauri, hata kama mdaiwa hakulisema jambo hilo. Hekima yake ni kwamba mashahidi hufa, hati hupotea na kumbukumbu huchakaa. Hata hivyo, sheria humwangalia mtoto mdogo, na pia aliyefichwa ukweli kwa hila.

Je, Uislamu unasemaje? Majalla, sheria za Dola ya Uthmaniya zilizokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, zilimzuia kadhi kusikiliza madai ya deni au mirathi yaliyoachwa miaka 15 bila udhuru. Lakini kifungu cha 1674 kikatamka kuwa haki haianguki kwa kupita muda; mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, huhukumiwa kwa kukiri kwake.

Hapo ndipo penye mazingatio. Kinachofungwa ni mlango wa mahakama, dhima haifungwi. Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha kuwa anayepewa kwa hukumu kilicho haki ya nduguye, hukatiwa kipande cha moto. Basi anayejivunia kuwa miaka 12 imepita, na ajiulize atajibu nini pasipo wakili.

Nawe mwenye haki, subira si kunyamaza. Mirathi igawanywe mapema, msimamizi ateuliwe, na mgao uandikwe mbele ya mashahidi. Deni nalo liandikwe, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqarah, aya ya 282. Mdaiwa akilikiri kwa maandishi na saini kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya. Kudai kwa adabu hakukati undugu. Kinachoukata ni dhuluma iliyoachwa ikaota mizizi.

Allah atuwafikishe kurejesha haki za watu tungali hai. Amin.