Ngome ya Kirumi Mezani: Jipsamu, Povu au Vijiti vya Mishikaki?

Anayetaka kujenga mfano mdogo wa ngome ya mpakani ya Warumi kwa kawaida hukimbilia kuuliza bei ya vifaa. Ningemshauri kwanza achague skeli. Ngome ya Housesteads, kwenye Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, ina takriban mita 186 kwa 112. Kwa skeli ya 1 kwa 72 itahitaji meza ya mita 2.6 kwa 1.6, na hapo bado hujaweka hata bonde. Kwa 1 kwa 300 inatosha ubao wa sentimita 62 kwa 37, ila askari wake watakuwa wadogo kama punje za mchele.

Kwa mfuko wa kawaida, nafuu ni kuacha ngome kubwa na kujenga moja ya zile ndogo zilizowekwa kila maili ya Kirumi. Namba 37, iliyo karibu na Housesteads, ina nafasi ya ndani ya takriban mita 18 kwa 15. Kwa 1 kwa 72 hizo ni sentimita 25 kwa 21, na mfano mzima unakaa juu ya rafu ya vitabu.

Ukishaamua hivyo, ndipo ulinganishe vifaa. Jipsamu ya mafundi wa dari ni rahisi kwa kilo, na matofali yake yakimwagwa kwenye kalibu za mpira hutoka mazuri sana. Lakini kalibu ndizo zenye bei, mfano unakuwa mzito, na ngome hii ndogo, nje na ndani, ingedai zaidi ya mawe 10,000 kama kila moja lingewekwa kwa mkono. Labda kwa aliyestaafu. Mbao zilizokatwa kwa leza huja tayari kuunganishwa, nawe unalipia muda uliookolewa. Kasoro yake ni kwamba ukuta unabaki laini kama kabati, na mawe bado utayachora mwenyewe.

Mimi napendelea povu gumu la ujenzi, lile la karatasi za buluu au waridi. Linakatika kwa kisu, na mistari ya mawe unaichora kwa kalamu ya wino iliyokauka. Stairofomu nyeupe ya kufungashia redio haifai, kwa sababu inapukutika chembechembe. Jihadhari na rangi ya kupuliza, kwani huyeyusha povu la aina zote mbili. Paka kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, kisha rangi ya maji kwa brashi.

Kuna njia rahisi zaidi, na historia inaiunga mkono. Ujenzi wa Ukuta wa Hadrian ulipoanza mwaka 122, sehemu yake ya magharibi, kutoka mto Irthing hadi Bowness, haikuwa ya mawe. Ilijengwa kwa mapande ya udongo wenye nyasi, upana wa kama mita 6 chini, na ngome zake ndogo zilikuwa za udongo na mbao. Minara tu ndiyo ilijengwa kwa mawe hata huko. Kwa hiyo boksi kuukuu, vumbi la mbao lililopakwa kijani na vijiti vya mishikaki vitakupa mfano usio na uongo wowote. Ukitaka kupunguza zaidi, jenga mnara mmoja wa ulinzi wenye uzio wa magogo, kama ile ya kingo za Danube iliyochongwa kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma.

Wengi husahau gharama ya askari. Boksi la plastiki la 1 kwa 72, lenye watu kama 40, huuzwa Uingereza kwa paundi 10 hadi 15. Wale wa milimita 28 ni paundi 25 hadi 35 kwa watu ishirini na kitu. Ngome ya maili huenda ililindwa na askari 8 hadi 32, basi boksi moja linakidhi na wengine wanabaki. Housesteads ilikuwa na kikosi cha watu wapatao 800, yaani maboksi 20. Kabla ya kulipa, tazama ngao zilizochorwa kwenye boksi. Zile za mstatili uliojipinda ni za askari wa lejioni, ambao ndio waliojenga ukuta. Waliokaa kuulinda walikuwa askari wa vikosi vya wasaidizi, na ngao zao zilikuwa bapa, nyingi za duaradufu.