Panga na Sindano Mkobani

"Mjomba, kwa nini watu hupigana?"

Umeuliza vizuri, mpwa wangu. Wataalamu wenye mvi wanalijadili swali hilo hadi leo, na wewe umelifikia ukiwa bado na meno ya utoto. Sogeeni wote, mkeka unatosha. Nitamwita msemaji anayeyajua haya kuliko mimi. Ni bibi sokwe wa msitu wa Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, pale milima inaposhuka hadi Ziwa Tanganyika.

"Hamjambo, binamu zangu?" anasema bibi sokwe.

"Mjomba, binamu? Si wanasema sokwe ni babu yetu?"

Hapana, sokwe si babu yetu. Wataalamu wanasema kwamba zamani sana, yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, waliishi Afrika wanyama ambao hawakuwa sokwe wala watu. Baadhi ya vizazi vyao wakawa sokwe, na wengine wakawa sisi. Ukoo ni mmoja, matawi ni mawili. Basi binamu ni neno sahihi. Endelea, bibi.

"Mwaka 1960 alikuja Gombe binti wa Kiingereza, Jane Goodall. Alikaa kimya akatutazama. Aliona tunavyokumbatiana, tunavyochambuana manyoya, tunavyobeba watoto mgongoni. Akasema sokwe ni wapole. Ni kweli, tu wapole. Lakini hakuwa ameona yote. Baadaye kundi letu liligawanyika. Wengine walibaki kaskazini, mkatuita Kasakela. Wengine walikwenda kusini, mkawaita Kahama. Walikuwa wamecheza pamoja. Walikuwa wamekula pamoja. Januari 1974, dume mmoja wa Kahama aliyeitwa Godi alikuwa anakula peke yake mtini. Kasakela wakamvamia. Wao wengi, yeye mmoja. Mtanzania Hilali Matama, aliyekuwa akitufuatilia msituni, aliona kwa macho yake. Godi hakuonekana tena. Miaka minne ilipita hivyo. Mwisho wake, madume wote wa Kahama walikuwa wamekufa au wametoweka."

Pole, bibi. Poleni na ninyi, wanangu. Ni habari nzito, lakini ni ya kweli.

"Mjomba, walipata faida gani?"

Hapo ndipo penyewe! Kumbukeni maneno yale: wao wengi, yeye mmoja. Sokwe hapendi kupigana na anayelingana naye, maana anaweza kuumia. Lakini wakiwa wengi na adui yuko peke yake, hatari kwao ni ndogo. Adui akiondoka, eneo lao linapanuka na miti ya matunda inaongezeka. Mama akishiba, ananyonyesha vizuri na watoto wengi zaidi wanapona. Watoto hao nao hurithi tabia za wazazi wao. Hakuna sokwe aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ni kwamba tabia iliyosaidia kuishi na kulea ilibaki, kizazi baada ya kizazi, kwa muda mrefu mno. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe.

"Basi na sisi tumerithi kupigana?"

Fikirini mkoba wa urithi walioacha wazee. Ukiufungua, ndani kuna panga. Panga hukata. Lakini chini ya panga, mkipapasa vizuri, kuna sindano na uzi. Sindano hushona. Wengi huona panga tu kwa sababu linang'aa. Panga limo mkobani. Sindano nayo imo.

"Sindano ya sokwe iko wapi?"

Mwanasayansi wa Uholanzi, Frans de Waal, aliwatazama sokwe katika bustani ya wanyama ya Arnhem miaka ya 1970. Aligundua kwamba mara nyingi sokwe wawili wakigombana, baada ya muda mmoja humwendea mwenzake. Hunyoosha mkono. Hukumbatiana, hata kubusiana. Hakuna mwalimu aliyewaambia waombane radhi. Sindano imo.

Tena tunaye binamu mwingine. Anaitwa bonobo, naye anaishi Kongo tu, upande wa kusini wa Mto Kongo. Sokwe wako ng'ambo ya pili. Bonobo ana mkoba huohuo, na madume yake hutimuana mara nyingi. Lakini majike wa bonobo husimama pamoja. Dume akimwonea mmoja, wanakuja wengi, naye anakimbia. Makundi mawili yakikutana msituni, huenda yakala pamoja na kuchambuana manyoya. Umeona? Binamu wawili, mkoba mmoja, matumizi mbalimbali.

"Na watu je, mjomba?"

Watu nao walianza kupigana zamani. Huko Nataruk, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, ilichimbuliwa mifupa ya watu wapatao 27 walioishi miaka 10,000 hivi iliyopita. Mifupa ya baadhi yao ina majeraha ya kupigwa. Panga limo.

Mtaalamu mmoja, Richard Wrangham, anasema ukali wa watu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa ghafla: umenyang'anywa andazi, mkono unaruka. Wa pili ni wa kupanga: mmekaa chini, mmekubaliana, mnamvizia mtu. Anasema kwa ukali wa ghafla sisi ni wapole kuliko sokwe. Ndiyo maana darasa zima la watoto hukaa bega kwa bega na hakuna anayeng'atwa sikio. Lakini kwa ukali wa kupanga, watu tumewazidi wanyama wengi. Vita hupangwa. Sasa fikirini vizuri: jambo linalopangwa, si linaweza kukataliwa pale linapopangwa?

Mwaka 1986, wanasayansi 20 walikutana Seville, Hispania. Walitangaza kwamba si sahihi kisayansi kusema watu wamerithi vita. Tumerithi uwezo wa kukasirika, na tumerithi uwezo wa kupatana. Urithi si amri.

"Mjomba, kushona kunafundishwa?"

Kunafundishwa! Sikilizeni hili, maana mimi hulipenda sana. Huko Kanada, Richard Tremblay na wenzake waliwafuatilia watoto kwa miaka mingi. Unadhani mtu hupiga wenzake zaidi akiwa na umri gani? Si ujanani. Ni utotoni, kati ya miaka miwili na minne! Baada ya hapo wengi hupungua kupiga. Kumbe mtoto hahitaji kufundishwa kupiga. Anachojifunza ni kuacha. Anajifunza kusema "nimekasirika" badala ya kurusha ngumi. Anajifunza kungoja zamu. Nyote mlio hapa mmekwisha kujifunza mengi ya hayo, na mimi najivunia ninyi.

"Na nikionewa na mkubwa kuliko mimi?"

Usinyamaze. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu. Ninyi wengine mkiona mwenzenu anaonewa, fanyeni kama majike wa bonobo: simameni naye. Na mkiitwa mwende wengi kumpiga mmoja, hapo jueni panga linachomolewa mkobani. Kataeni. Anayekataa mapema huwapa wenzake nguvu ya kukataa.

"Na kama tumegombana, na yeye ndiye aliyeanza?"

Mwendee wewe hata hivyo. Sindano haiulizi nani aliyepasua nguo. Leo, kabla ya kulala, kila mmoja amkumbuke mtu aliyenuniana naye, amfuate, amsemeshe. Kisha njooni mniambie aliwajibu nini, na mje na maswali mengine. Maswali yenu sichoki nayo.