Kipya Kiko Tabaka la Ngapi?

Ukiagiza chai katika mgahawa wa mjini, huenda kikombe chako kikatua juu ya meza iliyovikwa ubao mwembamba, mgumu, unaong'aa, ambao chai ikimwagika hufutwa kwa kitambaa mara moja. Mafundi seremala wengi huuita Formica hata kama umetoka kiwanda kingine kabisa. Ukikuta pembe iliyobanduka, iangalie vizuri. Ni karatasi juu ya karatasi. Karatasi za khaki zimeloweshwa rezini, zikapangwa, zikabanwa kwa joto hadi zikashikamana zikawa kitu kimoja. Ndani ya karatasi mna nyuzinyuzi za mti; rezini ndiyo inayozishika zisiachane.

Ubao huo una ndugu mkubwa. Ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuirusha mwaka 2014 na Air Tanzania ikaipokea ya kwake Julai 2018, imetengenezwa kwa nyenzo za ukoo huohuo. Karibu nusu ya uzito wake ni nyenzo mseto, hasa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na rezini, tabaka juu ya tabaka. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa mikromita 5 hadi 10, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Ukivutwa kwa urefu wake una nguvu ya kushangaza, lakini ukikunjwa sana hukatika. Kwa hiyo mafundi huzilaza nyuzi pande mbalimbali: tabaka moja kufuata urefu wa bawa, jingine kulikata kwa digrii 90, mengine kwa digrii 45 huku na huku.

Sasa chukua nafasi ya mkaguzi wa hataza. Hataza ni maagano: mvumbuzi anaeleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na dola inampa haki ya kuwazuia wengine wasikitumie, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba. Mkaguzi ndiye anayesimama mlangoni kwa niaba yetu sisi wengine. Mbele yake limefika ombi: ubao wa matabaka 3, la kati la nyuzi za kioo, la juu na la chini la nyuzi za kaboni, yote ndani ya rezini ya epoksi. Je, ampe?

Kazi yake inakuwa ngumu kwa sababu kila kitu kilichomo ni cha zamani. Nyuzi za kioo, zile tunazozijua katika boti za faiba, zilianza kutengenezwa kibiashara miaka ya 1930 huko Marekani. Nyuzi za kaboni zenye nguvu ya kutumika ni za miaka ya 1960, kazi ya Akio Shindo kule Osaka na ya wanasayansi wa Farnborough, Uingereza. Na ujanja wa kuyapishanisha matabaka? John Mayo wa New York alipata hataza ya mbao za plaiwudi mwaka 1865. Hata yeye alichelewa: katika piramidi ya ngazi ya Saqqara, Misri, lilipatikana jeneza la mbao za matabaka 6 yaliyopishanishwa, kazi ya mafundi waliokufa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Katika sheria ya hataza, ujuzi uliotangulia hauchachi. Kilichojulikana jana na kilichojulikana zama za mafarao vina uzito uleule.

Mkaguzi huanza kwa kusaka. Nyaraka za hataza za dunia nzima zimepangwa kwa alama, na bidhaa za matabaka zina rafu yake iitwayo B32B. Humo ndani mna vijirafu vya tabaka lenye nyuzi, vya plastiki, vya metali, hata cha nyuzi za kaboni peke yake. Mkaguzi haishii hapo. Anafungua pia rafu ya ufinyanzi wa plastiki zilizotiwa nyuzi, ya vitambaa visivyofumwa, ya maganda ya boti, kwa sababu aliyewahi kubuni ubao ule huenda alikuwa akitengeneza ski na si bawa la ndege. Lugha si kinga. Waraka wa Kijapani unahesabika, wa Kichina unahesabika, na makala ya Kiswahili katika jarida la chuo, ikiwa ilichapishwa kabla ya siku ya ombi, inahesabika vilevile.

Akishapata alichokipata, anajiuliza maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni upya: je, upo waraka mmoja unaoonyesha kila sehemu ya dai kwa pamoja? Ukiwapo, mjadala umekwisha. Lakini kwa nyenzo za matabaka mara nyingi haupo. Mmoja una kaboni juu na kioo katikati lakini rezini ni nyingine. Wa pili una epoksi lakini matabaka ni mawili. Hapo linakuja swali la pili, nalo ndilo lenye kuumiza kichwa: hatua ya ubunifu. Je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo, mwenye nyaraka hizo mkononi, angefika hapohapo bila kujisumbua?

Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, ina namna ya kulikata swali hili ambayo mimi naiona ya haki. Haiulizi kama fundi *angeweza* kuyaunganisha matabaka hayo, maana kwa nadharia fundi anaweza kuunganisha chochote. Inauliza kama *angefanya* hivyo, akiwa na shida fulani ya kiufundi anayotaka kuitatua na kitu cha kumwelekeza huko. Marekani walikuwa na ubishi wao, na mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya gari, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kukusanya vitu vinavyojulikana vikatoa matokeo yaliyotarajiwa hakustahili hataza. Kwa watu wa matabaka lilikuwa pigo, kwa kuwa kukusanya vinavyojulikana ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwenye neno hilo: yaliyotarajiwa. Chukua GLARE, nyenzo iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, ambayo kampuni ya AKZO iliiombea hataza mwaka 1987. Ni matabaka membamba ya alumini yaliyopishana na matabaka ya nyuzi za kioo ndani ya gundi. Kabla yake Delft walikuwa na ARALL, ya alumini na nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar. Ukisimama mbali utasema kilichofanyika ni kubadilisha uzi tu, tena kwa uzi wa zamani zaidi na mzito zaidi. Fundi gani wa ndege anaongeza uzito kwa hiari?

Jibu limo ndani ya ufa. Alumini ikitumika muda mrefu hupata nyufa ndogo zinazotambaa kila ndege inapopaa na kutua. Katika ubao wa matabaka, ufa unapoipasua alumini, nyuzi zisizokatika hubaki zimeishika kwa pande zote mbili kama mishono kwenye kidonda, na ufa hupunguza mwendo. Aramidi, chini ya mizigo fulani ya kuvutwa na kusukumwa kwa zamu, ilikatika palepale ufa ulipopita, na mshono ukapotea. Kioo kilihimili. Basi kilichoonekana kuwa kubadilisha uzi kilikuwa kutatua shida ambayo uzi wa kwanza ulikuwa nayo. GLARE iliishia kwenye ganda la sehemu ya juu ya Airbus A380, iliyoruka kwa mara ya kwanza Aprili 2005.

Hilo ndilo mkaguzi analolitafuta katika rundo la vitu vya zamani: jambo linalotokea *kati ya* matabaka, ambalo hakuna tabaka lililokuwa nalo peke yake. Kama kaboni inabaki kaboni na kioo kinabaki kioo, kila kimoja kinafanya kazi yake ya siku zote, ubao huo ni mkusanyiko tu. Kama vinasaidiana kwa namna iliyomshangaza hata aliyevipanga, hapo kuna mazungumzo.

Tatizo ni kwamba mkaguzi hana maabara. Hapasui ubao, haupimi. Anasoma. Waombaji wanalijua hilo, na baadhi yao huandika madai yaliyojaa tarakimu: ubao unaonyumbuka kwa kiasi hiki hadi kile, wenye uwiano fulani wa unene wa tabaka la kwanza kwa la pili, uliopimwa kwa njia waliyoitunga wenyewe. Nyaraka za zamani hazina kipimo hicho, si kwa sababu ubao haukuwapo, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuupima hivyo. Kulipa jina jipya umbo la zamani hakulifanyi kuwa jipya. Mkaguzi mjanja huandika hivi: nyuzi zako ni zilezile, rezini ileile, mpangilio uleule, hivyo naona sifa zake ni zilezile, nionyeshe kuwa nimekosea. Mzigo unahamia kwa mwombaji, naye alete majaribio ya kulinganisha ubao wake na ule ulio karibu zaidi katika nyaraka, si na ubao dhaifu aliouchagua ili ashinde.

Kuna pia vita vya maneno. Tabaka ni nini hasa? Vitambaa viwili vilivyoloweshwa rezini moja vikaiva pamoja tanurini havina tena mpaka unaouona kwa jicho. Mwombaji akisema "ubao wenye matabaka 3", wa matabaka 10 nao unaingia humo. Akisema "matabaka 3 pekee", ameufunga mlango. Mamilioni ya dola yamepita katika nafasi iliyopo kati ya "wenye" na "pekee".

Ndipo tunarudi kwenye meza ya mgahawa, kwa sababu kisa chake ndicho funzo bora la jambo hili ninalolijua. Mwaka 1913 kijana Daniel O'Conor alikuwa mhandisi katika kampuni ya Westinghouse ya Pittsburgh, iliyohitaji kihami cha umeme. Kihami kilichotumika sana kilikuwa ulanga, yale madini yenye magamba yanayobanduka kama karatasi, ambayo Wajerumani walikuwa wakiyachimba wakati huohuo katika milima ya Uluguru. O'Conor alizungusha karatasi au kitambaa kilichopakwa Bakelite, rezini ya Mbelgiji Leo Baekeland, kwenye fimbo likatokea bomba, akalipasua kwa urefu, akalikunjua na kulibana likiwa bado laini. Likatoka bapa gumu. Ombi la hataza liliwasilishwa Februari 1, 1913, na haki zake zikawa za mwajiri.

Mwaka huohuo O'Conor na mwenzake Herbert Faber waliacha kazi, wakafungua kampuni yao Cincinnati. Walitaka kutengeneza mbadala wa ulanga, ambao kwa Kiingereza huitwa mica, na jina la Formica likapatikana hapo. Hataza namba 1,284,432 ilitoka Novemba 12, 1918, baada ya karibu miaka 6 ya majibizano na ofisi. Jina la mvumbuzi lilikuwa O'Conor, mwenye mali alikuwa Westinghouse, na mshtakiwa, muda si mrefu, akawa kampuni ya O'Conor mwenyewe.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1924. Jaji Mkuu William Howard Taft, aliyewahi kuwa rais wa nchi hiyo, alisema aliyeuza hataza hawezi kugeuka na kudai kwamba alichouza hakina thamani. Hapo Westinghouse wangeshangilia. Lakini Taft aliongeza kuwa kilichouzwa kilikuwa ombi, na ombi likiwa bado mikononi mwa wakaguzi huweza kutanuliwa au kupunguzwa. Na kwamba muuzaji anaruhusiwa kuleta ujuzi uliotangulia ili kuonyesha madai yanaishia wapi. Yaliposomwa hivyo, madai hayakufika kwenye kazi ya Formica. Kampuni changa ikashinda. Hukumu hiyo haijalala: Juni 2021 mahakama ileile iliirejea katika kesi ya Minerva dhidi ya Hologic, kuhusu kifaa cha kutibu wanawake wenye kutokwa na damu kupita kiasi. Ubao wa karatasi bado unafundisha sheria.

Huku kwetu mtu atafikiria mkonge. Miche ya kwanza ililetwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 ilibaki 62, na mashamba ya Tanga yakatokana nayo. Uzi wake ni mwepesi na wa bei nafuu, lakini hunywa maji na haushikani vizuri na rezini. Fundi akiuosha kwa kostiki soda ili ushike, ajue kuwa hilo limeandikwa mara nyingi. Akiupishanisha na nyuzi za kioo, nalo limeandikwa. Ombi lake, likipitia ofisi ya taifa au ARIPO iliyoko Harare, litapona iwapo ataonyesha kwa vipimo kwamba mpangilio wake unauzuia unyevu usiyafikie matabaka ya ndani vizuri zaidi kuliko mipangilio iliyotangulia, na akaeleza hatua zake kwa namna ambayo fundi mwingine akizifuata atapata ubao uleule.

Hataza ya O'Conor iliisha muda wake mwaka 1935. Unaweza kuisoma bure mtandaoni leo, pamoja na mamilioni ya nyingine. Kama una ubao wako wa matabaka kichwani, ingia kwanza katika B32B na ukae humo wiki nzima, kabla hujamlipa wakili shilingi hata moja.