"BORROW" NA "LEND": NANI ANADAIWA?

Wanafunzi wenzangu, katika makosa yanayotiwa wino mwekundu katika madaftari yetu ya Kiingereza, moja halikosekani tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Nalo ni kuchanganya maneno mawili, "borrow" na "lend".

Maneno haya yahusu jambo moja, lakini kila moja lina mwenyewe. "Borrow" ni neno la anayepokea kitu kwa ahadi ya kukirudisha. "Lend" ni neno la anayekitoa.

Asili ya kosa letu si uvivu, bali ni lugha yetu wenyewe. Mtu akitaka kalamu husema, "Niazime kalamu yako." Akiisha kuipata husema, "Nimeazima kalamu." Kitenzi ni kile kile, ingawa kwanza ni cha mtoaji na pili ni cha mpokeaji. Basi mwanafunzi aliyekariri kwamba kuazima ni "borrow" husema, "Borrow me your pen." Yampasa kusema, "Lend me your pen," au, "May I borrow your pen?"

Dawa yake tunayo nyumbani. Katika mambo ya fedha hatukosei: apokeaye hukopa, atoaye hukopesha. Hakuna asemaye, "Nikope shilingi kumi." Kwa hiyo shika hivi: kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend", hata kama kitu chenyewe ni kalamu au jembe.

Tena angalia vineno vinavyofuata. Husemwa "borrow from" na "lend to". Kwa mfano: "I borrowed a book from Juma," na "I lent a book to Juma." Wakati uliopita wa "lend" ni "lent", wala si "lended".

Huenda mtu akauliza, kuna hasara gani ikiwa maana imefahamika? Hasara ipo. Tuseme umemkopesha Juma shilingi elfu moja, ukaandika, "I borrowed Juma one thousand shillings." Msomaji ataona sentensi ina pengo. Akilijaza kwa neno "from", deni lote limegeuka: wewe uliyetoa ndiwe unayedaiwa, na sahihi ni yako!

Neno "borrow" lenyewe latukumbusha jambo hili, maana limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya dhamana. Aliyekopa alikuwa ameweka ahadi.

Lakini tusidhani kwamba Kiswahili ni maskini. Ukiazima jembe, warudisha jembe lile lile. Ukikopa unga, warudisha unga mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza umekwisha liwa. Kiswahili kina maneno mawili hapo, kuazima na kukopa, na "borrow" la Kiingereza hubeba yote mawili. Kila lugha hupambanua pale ilipozoea kupambanua, nasi tujifunzao lugha mbili hatuna budi kujua mpaka wa kila moja.

Wazee walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Matanga hayo yasiongezwe na kalamu. Kabla hujaandika, jiulize: kitu kimetoka mkononi mwa nani? Ukijua hilo, neno litakuja lenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne