Mteja Hapatikani: Kufasiri Istilahi za Simu kutoka Kijerumani

Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo linalomkabili mfasiri wa istilahi za simu zinapotoka Kijerumani kwenda Kiingereza, na athari zake zinapofika katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kinachofasiriwa ni dhana, si umbo la neno. Mhandisi wa Austria, Eugen Wüster, ambaye kitabu chake cha mwaka 1931 ni miongoni mwa misingi ya taaluma ya istilahi, alishikilia kuwa dhana hutangulia, jina likafuata.

Mtego wa umbo

Mjerumani huiita simu ya mkononi "Handy". Neno hili lina sura ya Kiingereza, ilhali katika Kiingereza ni kivumishi cha kitu kinachofaa au kilicho karibu. Mfasiri akilirudisha lilivyo, hataeleweka.

Mtego wa pili ni "Freizeichen", yaani, neno kwa neno, "ishara ya uwazi". Huu ni mlio anaousikia mpigaji wakati simu ya mwenzake inaita. Asiyejua mitambo hudhani ni ule mlio wa kuinua mkono wa simu kabla ya kubonyeza namba, ambao Wajerumani huuita "Wählton". Kiingereza nacho kina majina mawili tofauti kwa milio hiyo. Mfasiri akiyachanganya katika kitabu cha maelekezo, fundi atatafuta hitilafu pasipo na hitilafu.

Mtu mmoja, majina matatu

Istilahi iliyo tajiri zaidi ni "Teilnehmer". Kwa asili ni "mwenye kuchukua sehemu", yaani mshiriki. Kiingereza humwita mtu huyo "subscriber", neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya anayeandika jina chini ya hati. Kiswahili cha kampuni za simu kimemwita mteja. Mjerumani ametazama mazungumzo, Mwingereza mkataba, nasi biashara.

Hata hivyo, "Teilnehmer" hafasiriki kwa neno moja daima. Anapotajwa kama mwenye kupiga au mwenye kupigiwa, Kiingereza huacha "subscriber" na kutumia "party", kwa sababu anayezungumza huenda siye aliyetia sahihi. Kiswahili nacho kina mpigaji na mpigiwa.

Tofauti hii si ya wasomi pekee. Tuchukue nyumba moja ya kufikirika Ziwa la Ng'ombe, katika eneobunge la Nyali, Mombasa. Laini imesajiliwa kwa jina la baba, mama anaitumia kupokea pesa za kibandani, na mtoto anaazima simu kuzungumza na wenzake. Kanuni za usajili wa laini zilizotolewa Kenya mwaka 2015 zilitaka mwenye laini atambuliwe kwa jina na kitambulisho. Ikitokea deni au shtaka, ni nani anayewajibika? Hati ikisema "mtumiaji" mahali pa "mwenye laini", mzigo wa baba umemwangukia mtoto. Ikisema "mteja", mama wa kibanda, ambaye naye ana wateja wake wa viazi, atauliza ni mteja yupi.

Aidha, neno mteja limeendelea kusafiri. Kutokana na sauti iliyorekodiwa inayotangaza kwamba mteja hapatikani, vijana wa Kenya husema fulani "ni mteja" simu yake inapozimwa. Pwani, mateja ni walionaswa na dawa za kulevya. Neno likibeba maana zote hizi, hati ya kisheria haiwezi kuliegemea peke yake.

Hitimisho

Tunapendekeza mfasiri ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua kamusi: ni nani anayetajwa, anafanya nini katika mtandao, na atawajibika kwa lipi? Kwa msingi huo, tutumie mwenye laini kwa aliyesajiliwa, mtumiaji kwa aliyeshika simu, mpigaji na mpigiwa kwa wanaozungumza, na mteja pale tu inapohusu ununuzi wa huduma. Maneno haya yote tayari yamo vinywani mwa watu, hivyo kazi iliyobaki ni kuyapangia mipaka na kuiheshimu.