Asiyekuja Mkutanoni, Ana Nini?

Wana vikundi, hebu tuanze na swali. Mwanachama akikosa mkutano mara mbili, huwa mnafanya nini? Vikundi vingi humwandikia faini. Akikosa tena, jina linafutwa. Lakini ni wangapi kati yetu huenda kumwangalia nyumbani?

Swali hili si la pesa peke yake, ni la afya. Huko California, Marekani, watu wazima 6,928 waliulizwa mwaka wa 1965 juu ya jamaa, marafiki na vikundi vyao, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 9. Wasiokuwa na watu wa karibu walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenye watu wengi, hata baada ya kuangalia uvutaji sigara na ulevi.

Kwa nini? Aliye peke yake hana wa kumwambia, "Kikohozi hiki kimezidi, twende hospitali." Hana wa kumkumbusha dawa, wala wa kumwachia watoto aende kliniki. Tena mawazo humkosesha usingizi, na mwili nao unachoka.

Akina mama wa Makwanpur

Makwanpur ni wilaya ya milima nchini Nepal. Kati ya 2001 na 2003 akina mama wa huko walikutana kila mwezi. Aliyewaongoza alikuwa mama wa hapo hapo, si daktari wala nesi. Kwa kadi za picha walizungumza: watoto wetu wachanga wanakufa kwa sababu gani? Kisha wakaamua wenyewe. Wengine walianzisha mfuko wa dharura, wengine wakatafuta machela ya kubebea wagonjwa, wengine wakatengeneza vifaa safi vya kuzalishia.

Penye vikundi walikufa watoto wachanga 26 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai. Pasipo na vikundi walikufa 37. Na jamani, huduma za zahanati zilikuwa zimeboreshwa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kukutana na kutenda pamoja.

Sisi nasi tufanye nini?

1. Mtu akikosa mkutano, wawili wamtembelee kabla ya kuandika faini.
2. Sehemu ndogo ya mchango iwe ya nauli ya mgonjwa na mama mjamzito. Mwenye gari au pikipiki ajulikane mapema, si usiku wa uchungu.
3. Mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji azungumze nanyi.
4. Siri ya mgonjwa isitoke nje. Ikitangazwa, kesho hakuna atakayesema.
5. Wakumbukeni wasio na kikundi: mzee anayeishi peke yake, bibi arusi mgeni kijijini, na yule aliyeshindwa na mchango. Mara nyingi huyo ndiye anayewahitaji zaidi.

Kikundi hakichukui nafasi ya daktari. Lakini kinaweza kumfikisha mtu kwa daktari angali mzima. Wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana. Basi mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa, hesabuni watu.