Kutengwa Nako Huuma

Katika Kiswahili, jino huuma na dharau huuma vilevile. Mama anayejifungua hushikwa na uchungu, aliyefiwa huwa na uchungu, na aliyesutwa hadharani huondoka na uchungu wake. Moyo nao huchomwa, huvunjwa na kujeruhiwa kana kwamba una mifupa. Wengi huyachukulia haya kuwa tamathali za usemi tu. Mimi ninayefundisha isimu ningekuwa wa kwanza kukiri kwamba maneno peke yake si ushahidi wa yanayotendeka mwilini. Lakini wanasayansi wamelichunguza jambo hili, na waliyoyagundua yanamhusu kila mwalimu.

Mwaka 2003, Naomi Eisenberger na wenzake nchini Marekani walipima ubongo wa wanafunzi 13 wakicheza mchezo wa kurushiana mpira katika kompyuta. Kila mmoja aliamini kuwa anacheza na watu wawili. Kumbe mchezo ulikuwa umepangwa ili anyimwe mpira. Aliponyimwa, sehemu ya ubongo inayohusika na karaha ya maumivu ya mwili ilizidisha kazi, na kadiri alivyoudhika ndivyo ilivyozidi. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maumivu haya ni kitu kimoja. Utafiti ulioongozwa na Choong-Wan Woo mwaka 2014 ulionyesha kuwa ubongo huyapokea kwa mipangilio tofauti. Ni majirani, si pacha.

Je, ujirani huo unamfanyia nini mtu aliyetengwa anapoumia mwili? Majibu ni mawili, na yote yalitolewa mwaka 2006. Eisenberger na wenzake waliona kwamba watu walioudhika zaidi kwa kutengwa waliona joto kali lililoguswa kwenye ngozi yao kuwa la kuchukiza zaidi. Nathan DeWall na Roy Baumeister nao waliwaambia baadhi ya watu kwamba wataishia maisha ya upweke. Hao walistahimili maumivu kuliko wenzao, na hisia zao zikafa ganzi. Basi kukataliwa kwaweza kumwongezea mtu maumivu, na kwaweza pia kumnyamazisha.

Hapa ndipo shule inapoingia. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Hata hivyo, wapo walimu walioweka kiboko chini wakashika silaha nyingine. Huliamuru darasa lisimsemeshe mkosaji, au huigiza lafudhi ya mtoto wa kijijini hadi wenzake waangue kicheko. Mbinu hii si ngeni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto walionaswa wakizungumza Kigĩkũyũ shuleni walivyochapwa, au wakavishwa shingoni kibati chenye maandishi ya kuwadhalilisha. Fimbo na kibati vilitumika kwa kosa lilelile. Aliyeviweka katika mizani moja alijua vizuri kwamba aibu ni adhabu kamili.

Walimu wenzangu, mtoto aliyetengwa anapolalamika kuwa kichwa au tumbo linamuuma, tusiharakishe kusema anajisingizia. Apelekwe kwa muuguzi kama mgonjwa mwingine yeyote, kisha aulizwe kwa upole anakula na nani na anacheza na nani. Yule asiyelalamika kabisa naye atazamwe, kwa kuwa kimya chake huenda ni ganzi wala si ujasiri.

Nanyi wanafunzi, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kumwondoa mwenzenu mezani hakuachi kovu ambalo mwalimu wa zamu ataliona. Huacha uchungu, na lugha yetu haikukosea kuuita kwa jina hilo.